Fimbo ya Mrefu Haimfai Mfupi

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Wahenga walionena hivyo hawakuwa na gofu akilini, lakini methali yao yafaa iandikwe juu ya mlango wa kila bohari ya vifaa vya michezo katika shule na vilabu vyetu, kuanzia hapa Nyeri hadi Nanyuki na Nyahururu. Katika bohari hizo huwapa watoto ubawa wa ndege mwingine, kisha huwalaumu kwa kushindwa kuruka.

Nazungumzia fimbo moja ambayo wengi huidharau kwa udogo wake, nayo ni ile ya kusukumia mpira shimoni, ambayo wachezaji huiita puta. Haina mbwembwe za fimbo ndefu inayoupeleka mpira masafa ya kushangiliwa. Hata hivyo, hebu tupige hesabu. Uwanja wenye mashimo 18 aghalabu hupewa kadiri ya mapigo 72, na kadiri hiyo humruhusu mchezaji kusukuma mpira mara mbili katika kila grini. Mbili mara 18 ni 36. Kwa hiyo nusu nzima ya kadiri hutegemea fimbo hii moja! Mtoto aliyepewa puta isiyomfaa ameshapoteza nusu ya mchezo kabla hajapiga mpira wa kwanza.

Chanzo cha mambo si kigumu kukieleza. Mchezo huu uliletwa katika nyanda za juu na walowezi wa Kiingereza, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia uwanjani akiwa kedi, mkoba wa mwingine begani. Wengi wa makedi hao walijifunza kwa fimbo za kuachiwa, na miongoni mwao wakatoka wachezaji wa kulipwa tunaojivunia. Mila ya fimbo za kuachiwa ingalipo. Vifaa vinavyofika shuleni ni sadaka ya mabwana waliokwisha kununua vipya, na mabwana hao ni watu wazima, warefu. Puta zao huwa na urefu wa inchi 34 au 35. Anayezirithi ni mtoto, au mwanamke wa kimo cha wastani, au mwanamume aliyejaliwa kimo kifupi. Hakuna aliyewauliza hao wanahitaji nini.

Katika miaka yangu ya ualimu nimemwona msichana wa Gredi ya 8, kimo chake futi nne na inchi kumi na moja, akipewa puta ya inchi 35. Ncha ya juu ilimgusa tumboni. Ili aishike, ilimbidi atanue viwiko kama kuku anayejikausha mvua, na kichwa cha fimbo kikakaa upande upande, ncha yake ya mbele ikiwa imeinuka kutoka ardhini. Wakubwa wakaona tatizo, wakampelekea fundi. Fundi akakata inchi nne upande wa juu, akarudisha mpini wa raba, kila mmoja akaridhika. Kumbe tatizo lilikuwa limebadili sura tu. Sasa binti alisimama vizuri, lakini mpira wake ulitangatanga. Mara aufupishe, mara aupitishe, na mikono ikawa inatikisika kila anaposukuma. Ikasemwa kwamba hana moyo wa mchezo. Uamuzi huo ulinichoma, maana kasoro haikuwa moyoni mwake.

Walimu wa fizikia watanielewa upesi. Uzito wa kitu kilichofungwa mwishoni mwa fimbo huhisika mkononi kwa kadiri ya umbali wake kutoka mahali mkono unaposhika. Tuseme kichwa cha puta kina gramu 340, fimbo ni inchi 35, na mikono inashika inchi tano kutoka juu. Umbali kati ya mikono na kichwa ni inchi 30. Zidisha 340 kwa 30, upate 10,200. Sasa kata inchi nne. Umbali unakuwa 26, na zao linashuka hadi 8,840. Ili mkono uhisi kilekile ulichohisi awali, gawanya 10,200 kwa 26. Jibu ni takriban gramu 392. Yaani aliyekata inchi nne alipaswa kuongeza kama gramu 52 kwenye kichwa. Hesabu hii imeuacha kando uzito wa uti wenyewe, lakini yatosha kutuonyesha njia. Msumeno uliondoa urefu, na pamoja nao ukaondoa kitu ambacho jicho halikukiona.

Je, uzito huo una faida gani? Puta njema huenda na kurudi kama bembea, mabega yakiongoza na viganja vikitulia. Kichwa chenye uzito wa kutosha husaidia bembea hiyo ijiendeshe yenyewe. Kikiwa chepesi mno, mchezaji hahisi kiko wapi, na viganja huanza kuingilia kati ili kukisukuma. Viganja vikishaingilia, mstari umepotea. Fauka ya hayo, msimu wa mvua nyasi za viwanja vyetu hunona na grini huwa nzito, hivyo mpira huhitaji kusukumwa kwa nguvu zaidi. Mwenye kichwa chepesi hulazimika kuongeza pigo, na anapoongeza pigo ndipo mikono inapozidi kutikisika.

Watengenezaji wa viwandani wanalijua jambo hili tangu zamani. Wengi wao huziwekea puta fupi vichwa vizito zaidi kuliko zile ndefu, na baadhi huweka skrubu za uzito chini ya kichwa ili zibadilishwe kwa kadiri ya urefu. Sheria za mchezo nazo hazimzuii mfupi. Zinadai tu kwamba fimbo isipungue inchi 18. Zinaruhusu pia kubandika utepe wa kuongeza uzito kabla ya mchezo kuanza, mradi mchezaji asiubandike wala kuubandua kwa makusudi raundi ikiwa inaendelea. Na asiseme mtu kwamba ufupi wenyewe ndio kilema. Ian Woosnam wa Wales, ambaye kimo chake ni mita 1.64 tu, alitwaa ubingwa wa Masters kule Marekani mwaka 1991 mbele ya majabali waliomzidi kichwa kizima.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba mtoto atakua, basi apewe ndefu aikute mbele. Hii ni falsafa ya sweta la shule, linalonunuliwa kubwa mtoto akiingia ili lidumu hadi atakapomaliza. Lakini sweta kubwa humtia mtoto joto hata likimpwaya, ilhali fimbo kubwa humfundisha makosa. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mtoto aliyezoea kutanua viwiko kwa miaka mitatu ataendelea kuvitanua hata atakapokuwa na futi sita.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siibezi. Itasemwa kwamba gofu ni mchezo wa wenye mali, na kwamba shule zenye upungufu wa madawati hazina haja ya kujadili gramu za puta. Nakubali kwamba dawati hutangulia. Hata hivyo, shule niizungumziayo imekwisha kupokea fimbo, na watoto wamekwisha kuingia uwanjani. Swali lililobaki ni kama tutawapa nafasi ya kweli au nafasi ya jina tu. Tena gharama yenyewe ni ndogo mno. Gramu 52 ni vipande vichache vya chuma. Fundi yeyote wa jua kali mjini Nyeri au Karatina aweza kuvikata, kuvipima kwenye mizani ya duka na kuvifunga barabara nyuma ya kichwa cha fimbo. Ninaonya jambo moja tu: tusitumie risasi mikononi mwa watoto, kwani madini hayo ni sumu. Chuma au shaba itatosha.

Kipimo nacho ni rahisi. Mwambie mwanafunzi ainame kidogo kama anayetaka kusukuma mpira, macho yawe juu ya mpira, mikono ining'inie bila kukakamaa, viganja vikutane. Pima kutoka hapo viganja vilipokutana hadi chini kwa mshazari wa fimbo, kisha ongeza inchi chache za mpini zitakazobaki juu ya mikono. Mwenye kimo cha futi tano aghalabu ataangukia inchi 31 au 32, ingawa urefu wa mikono hutofautiana na kila mtu apimwe peke yake. Uzito uongezwe kidogo kidogo, gramu kumi kumi, huku mchezaji akijaribu mipira ya mbali na ya karibu. Tusivuke mpaka, maana kichwa kizito kupita kiasi humchosha mtoto na kumnyima udhibiti wa mipira ya karibu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikijaa tuache kumimina.

Yapo mazingira mema ya kulifanya jambo hili. Mtaala wa umilisi umeiweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Somo gani la sayansi ya michezo litashinda hili, ambapo mwanafunzi hupima mwili wake, hukokotoa zao, kisha huona matokeo uwanjani jioni hiyohiyo? Hapa hapa tuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na Nyeri National Polytechnic. Wanafunzi wao wa uhandisi wangeweza kufanya uzito wa puta kuwa zoezi la muhula mmoja, shule za jirani zikafaidika. Vilabu navyo, vinapotoa fimbo kwa shule, visitoe tu kilichobaki. Vitenge puta fupi chache zilizopimwa sawasawa, za wasichana na wavulana, na kila mgeni mfupi anayekuja kujifunza azikute zikimngoja.

Kuna nyasi iitwayo kikuyu, yenye asili katika nyanda hizi za Afrika Mashariki na iliyobeba jina la watu wa hapa. Imesafiri hadi Afrika Kusini, Australia na California, na mabingwa wa dunia huikanyaga katika uwanja mashuhuri wa Riviera jijini Los Angeles. Nchi iliyoupa mchezo huu zulia la kuchezea haikosi gramu 50 za chuma kwa mtoto wake mwenyewe.

Nawasihi walimu wenzangu waanzie penye mizani. Kabla ya kuandika katika ripoti ya mwanafunzi kwamba hana kipaji, chukua fimbo aliyopewa, ipime urefu, ipime uzito, kisha mtazame mwenye kuishika. Nanyi wanafunzi mlio wafupi, msione haya kudai kifaa kinachowafaa. Anayedai fimbo ya kimo chake haombi kupendelewa, bali anaomba kushindana.