Shokapu mpya haziongezi tani: Hesabu ya msafirishaji wa Shinyanga na Geita

BEI ya dhahabu inapopanda, si mchimbaji peke yake anayechangamka. Anachangamka pia mkulima wa mpunga wa Kahama, mama muuza nyanya wa Katoro na mwenye pikapu anayepeleka mchele Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola. Mwaka 2025 bei hiyo ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa wakia moja katika soko la dunia. Machimbo hayalimi. Kila kilo ya mchele, kila tenga la nyanya na kila dumu la mafuta ya kula linaloliwa huko huingia kwa gari.

Gari hilo mara nyingi ni Toyota Hilux, Land Cruiser au Land Rover ya zamani. Barabara kuu zimepata lami kwa sehemu kubwa, na tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, limemwondolea msafiri wa Mwanza na Geita adha ya kusubiri kivuko. Lakini mzigo wa chakula hauishii barabara kuu. Huacha lami na kuingia njia za vumbi zenye mashimo na mawimbi madogo madogo yanayotikisa gari tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

Katika mazingira hayo, shauri linalosikika gereji nyingi ni moja: ondoa shokapu za nyuma zilizokuja na gari, funga nyingine ngumu zaidi, gari libebe. Wapo waliotumia faida ya msimu mzima kwa shauri hilo, na mwaka haujaisha wamerudi gereji kwa tatizo lile lile. Swali ambalo mfanyabiashara anapaswa kujiuliza kabla ya kutoa fedha ni hili: je, anachonunua kinafanya kazi anayoitaka?

Nani anabeba mzigo?

Ukweli ni kwamba shokapu ya kawaida haibebi mzigo. Mzigo hubebwa na springi, ziwe za bapa kama zile za nyuma ya Hilux na pikapu ya Land Cruiser, au za koili kama zile za Prado. Kazi ya shokapu ni kutuliza springi isiendelee kurukaruka baada ya gari kupita shimo. Ndani yake kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu nzima huwa na joto baada ya safari ya njia mbaya.

Kutokana na hilo, gari lililolala nyuma kwa sababu ya mzigo halitainuliwa na shokapu ngumu. Litabaki limelala, litatikisa zaidi linapokuwa tupu, na nguvu iliyokuwa ikitulizwa itahamia kwenye vishikizo vya shokapu na chasisi. Vishikizo hivyo vikikatika porini, gharama yake si ya spea tena. Ni ya mchomeleaji, ya siku zilizopotea na ya nyanya zilizooza.

Hii haina maana kwamba shokapu bora ni anasa. Kampuni kama KYB ya Japani, Monroe ya Marekani, Bilstein ya Ujerumani na Old Man Emu ya Australia zimejijengea jina kwa kutengeneza shokapu, zikiwamo za magari ya njia ngumu. Nyingine zina oili nyingi zaidi, nyingine zina gesi ya naitrojeni inayozuia oili kufanya povu inapopata joto. Oili yenye povu haitulizi kitu, na gari huanza kuyumba wakati dereva yuko mbali na makazi ya watu. Kwa njia za machimbo, ubora huo una thamani yake. Ila thamani hiyo ni katika kutuliza, si katika kubeba.

Hesabu ya miaka mitatu

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kila mmoja aweke bei za duka lake. Jozi ya shokapu za bei nafuu inauzwa sh. 160,000 na inadumu miezi sita. Jozi bora inauzwa sh. 600,000 na inadumu miaka mitatu. Fundi anatoza sh. 30,000 kila anapofunga.

Kwa miaka mitatu, mwenye shokapu za bei nafuu atanunua mara sita. Kila mara atalipa sh. 190,000 pamoja na ufundi, jumla sh. 1,140,000. Mwenye jozi bora atalipa sh. 630,000 mara moja. Ameokoa sh. 510,000, bila kuhesabu matairi yasiyoliwa ovyo na siku ambazo gari halikulala gereji.

Sasa tubadili jambo moja. Mwenye jozi bora anazidisha mzigo kila safari, na shokapu zake zinakufa baada ya mwaka mmoja. Kwa miaka mitatu atalipa sh. 630,000 mara tatu, yaani sh. 1,890,000. Amekuwa wa hasara kuliko aliyenunua za bei nafuu. Kwa maneno mengine, kinachoamua faida ya shokapu bora si jina lililoandikwa juu yake. Ni uzito uliopakiwa nyuma.

Lumbesa inamwibia na mwenye gari

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Uwezo wa kubeba wa Hilux au pikapu ya Land Cruiser ni takriban tani moja, pamoja na abiria na vifaa. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni magunia 10 ya kilo 100. Lakini gunia la sokoni si la kilo 100 kila mara. Lumbesa lenye kilo 130 bado linaitwa gunia moja, na magunia 10 ya namna hiyo ni kilo 1,300.

Sheria ya Vipimo inakataza kufungasha mazao kwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuisimamia. Kilio cha lumbesa kimezoeleka kuwa cha mkulima, kwa sababu ndiye anayetoa kilo 130 na kulipwa za gunia moja. Hata hivyo, msafirishaji anayetoza nauli kwa gunia naye anaibiwa. Amebeba kilo 300 bila malipo, na malipo yake yamekatwa kwenye springi, shokapu, matairi na dizeli.

Mizani ya barabarani haitamsaidia. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inahusu magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5. Pikapu nyingi ziko chini ya hapo. Mwenye gari hana budi kuwa mizani yake mwenyewe: atoze nauli kwa kilo na kupima kabla ya kupakia. Mizani moja inayotumiwa kwa pamoja na wasafirishaji wa soko moja ingelinda mifuko ya pande mbili, ya mkulima na ya mwenye gari.

Kabla ya kununua na wakati wa kufunga

Wa kwanza kuchunguzwa ni gari lenyewe. Shokapu inayovuja oili imekwisha. Tairi lililoliwa kwa mabonde mabonde ni dalili nyingine. Baada ya nusu saa ya njia mbaya, mwenye gari anaweza kugusa shokapu kwa uangalifu: iliyobaki baridi wakati mwenzake ina joto haifanyi kazi. Kama gari linalala nyuma likiwa tupu, tatizo ni springi, na fedha zianzie huko.

Aliyeongeza vyuma vya springi au kuinua gari anapaswa kupima urefu. Shokapu fupi itavutika hadi mwisho na kukatika. Ndefu kupita kiasi itagonga chini kabla ekseli haijafikia raba yake ya kuzuia. Aliyenunua gari la mnada lililotoka mgodini aulize kama springi zake ni za asili au za mzigo mzito, maana shokapu hupaswa kuendana na springi.

Kwa upande wa ufundi, shokapu hubadilishwa mbili mbili. Gari likae juu ya stendi imara chini ya chasisi, si juu ya jeki pekee, na ekseli ishikiliwe kwa jeki ya pili. Shokapu ikifunguliwa ekseli huweza kushuka na kuvuta mpira wa breki, na kwenye gari la koili springi inaweza kuchomoka. Nati za vishikizo vyenye bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, raba huwa imejikunja tangu siku ya kwanza na huchanika mapema.

Mnunuzi adai risiti na dhamana ya maandishi, na alinganishe namba ya spea na gari lake. Bidhaa bandia huigiza rangi na nembo kwa urahisi kuliko zinavyoigiza kazi. Anayezibaini anaweza kutoa taarifa kwa Tume ya Ushindani, FCC.

Kodi ya pili

Lipo pia jambo lililo nje ya gereji. Tangu bajeti ya mwaka 2021/22, mafuta yaliongezewa tozo ya sh. 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na Tarura. Mwenye pikapu anachangia barabara kila anapojaza tangi. Njia ikibaki mbovu, analipa mara ya pili kwa shokapu na springi, kisha gharama hiyo inashuka hadi kwenye bei ya mpunga shambani na kupanda hadi kwenye sahani ya mchimbaji. Vikao vya kata na halmashauri ndipo mahali pa kuuliza njia ya mazao itachongwa lini.

Wakati jibu linasubiriwa, mwenye gari anayo mambo mawili mkononi mwake: uzito anaopakia na spea anayochagua. Aanze na uzito. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa msafirishaji wa Shinyanga na Geita ufa huo unaanzia kwenye mdomo wa gunia.