Ukienda mjini kutibiwa, jua kwanza utakula wapi

Wiki hii naomba tuzungumzie jambo ambalo haliandikwi kwenye barua ya rufaa, lakini nimeona linavyomwangusha mgonjwa kabla hajamfikia daktari. Nalo ni chakula cha safarini.

Miezi michache iliyopita mzee mmoja kutoka mkoani alianguka kwenye foleni ya kliniki yetu. Jasho lilimtiririka, mikono ilitetemeka, na maneno yake hayakueleweka. Binti yake alidhani ni kiharusi. Tulipompima, sukari yake ilikuwa 2.6, wakati ikishuka chini ya 3.9 tayari ni hatari. Tukamwekea glukosi kwenye mshipa, na baada ya muda akafungua macho na kuuliza yuko wapi.

Binti alitueleza kilichotokea. Walifika Dar es Salaam usiku, wakalala gesti katikati ya jiji. Saa 12 asubuhi baba akajichoma insulini yake kama kawaida. Kijijini, baada ya sindano hunywa chai na viazi. Hapa mjini mgahawa pekee waliouona ulikuwa wa hoteli kubwa iliyo jirani, na bei zake ziliwatisha. Wakakubaliana kuvumilia mpaka waonane na daktari. Baba alianguka saa 5.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nyuma ya gesti ile yupo mama lishe anayeuza chapati, maharage na chai tangu alfajiri. Hawakumjua, na hakuna aliyewaambia.

Watu wengi huniambia, "Daktari, naogopa kula ovyo mjini, bora nishinde na njaa." Wengine huamini kwamba chakula cha bei kubwa ndicho salama. Mimi nasema tuangalie chakula chenyewe. Vimelea havijui bei. Wali uliokaa saa nyingi kwenye meza ya hoteli ya kifahari ukiwa vuguvugu unaweza kukuharisha kuliko ugali na samaki wa elfu tatu uliotolewa jikoni sasa hivi. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili bila kuwa cha moto sana au kwenye jokofu. Wali ndio wa kuangalia zaidi, kwani una vimelea ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, kisha huzaliana wali unapopoa taratibu.

Basi, utampataje mpishi mzuri wa bei ya wastani ukiwa mgeni? Anza jioni ile ile unayofika. Ukishaweka mizigo, usimuulize mtu wa mapokezi "wapi kuna mgahawa mzuri?" Atakuelekeza kwenye ghali akidhani ndiko unakotaka. Muulize, "Ninyi wenyewe mnakula wapi?" Muulize pia mlinzi na dada wa usafi. Hao hula hapo hapo kila siku kwa mishahara ya kawaida, na kama kuna mahali panapoumiza tumbo, wanapajua.

Kisha tembea mwenyewe dakika kumi kuzunguka mtaa kabla giza halijaingia. Tafuta mambo matatu: nani anafungua alfajiri, nani anapika usiku, na sahani ni shilingi ngapi. Uliza bei kabla ya kukaa, wala usione aibu. Kumbuka kwamba maeneo ya ofisi kama Posta huchangamka mchana wa siku za kazi, lakini jioni na Jumapili wapishi wengi hawapo. Kariakoo hupata chakula mpaka usiku. Upanga na Kisutu kuna migahawa ya Kihindi, mingine ya mboga tupu. Mwezi wa Ramadhani, hasa ukiwa Zanzibar, migahawa mingi hufungwa mchana, hivyo mgonjwa lazima ajipange mapema zaidi.

Ukifika mahali, tumia macho kabla ya mdomo. Je, wateja ni wengi na sufuria zinaisha? Chakula kinachoisha haraka hakipati muda wa kuchacha. Je, chakula kinatoka motoni au kwenye hotpoti kikiwa na mvuke? Je, kuna maji tiririka na sabuni ya kunawa? Anayepokea pesa ndiye anayeshika chapati kwa mkono huo huo? Sahani zinasuuzwa kwenye ndoo moja yenye maji meusi? Ukiona hayo mawili ya mwisho, shukuru na uende kwa jirani.

Nenda mapema, kwenye saa 6 na nusu hadi saa 8 mchana, chakula kikiwa bado kipya. Acha kachumbari, barafu na juisi ambayo hujui maji yake yametoka wapi. Tunda la kumenya mwenyewe, kama ndizi au chungwa, ni rafiki wa msafiri. Maji ya chupa, hakikisha kifuniko hakijafunguliwa.

Mwenye kisukari, mwambie mama lishe, "Nipunguzie wali, niongezee mchicha na maharage." Bei kwa kawaida haibadiliki. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali au wali, robo iwe maharage, samaki au nyama. Mwenye presha, usiongeze chumvi mezani, na supu ya asubuhi isiwe mazoea. Chumvi ya siku nzima haitakiwi kuzidi kijiko kimoja cha chai, na ile iliyo ndani ya supu imo kwenye hesabu.

Kwa wanaotumia insulini au vidonge vya glibenklamidi nasisitiza: usijichome wala kumeza dawa hiyo kabla hujajua chakula kiko wapi. Ukiambiwa uje bila kula kwa ajili ya kipimo, uliza siku hiyo hiyo, "Na dawa yangu ya sukari je?" Beba sukari mfukoni. Ukihisi kutetemeka na kutokwa jasho, koroga kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwenye maji unywe, au kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida. Pumzika dakika 15, pima tena kama una kipimo, na ikiwa bado sukari iko chini au dalili hazijaisha, rudia. Ukipata nafuu, kula. Kama mgonjwa amepoteza fahamu, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Wazazi mnaosafiri na watoto, bebeni paketi mbili za ORS. Mtoto akianza kuharisha, koroga paketi moja kwenye lita moja ya maji safi, mpe kidogo kidogo, mwendelee kumlisha na kumnyonyesha, na muulize mhudumu wa afya kuhusu zinki. Akilegea, macho yakizama, akitapika kila kitu au kinyesi kikiwa na damu, msisubiri asubuhi.

Nina ombi pia kwa wenye gesti na hoteli, hasa zilizo karibu na hospitali kubwa. Wageni wenu wengi ni wagonjwa na wauguzaji. Andikeni karatasi moja, ibandikeni mapokezi: nani anauza chai saa 11 alfajiri, nani anapika usiku, sahani ni kiasi gani. Haiwagharimu chochote. Nasi wa kliniki tunapompangia mgonjwa wa mbali tarehe, tumuulize atalala wapi na atakula nini, kama tunavyomuuliza dawa zake.

Na wewe unayepanga safari, unapohesabu nauli, malazi na vipimo, hesabu na milo mitatu ya kila siku kwa mgonjwa na anayemsindikiza. Usiifanye kuwa pesa ya kubana. Yule mzee alirudi kliniki mwezi uliofuata. Safari hii alikuja ameshiba chapati mbili na maharage, na alinitajia jina la mama lishe wake kabla hajanitajia maumivu yake.