Gereji Imejaa Magari, Mbona Fundi Hana Kitu?

Wazazi wengi wakiona kijana wao amemaliza shule na hakupata nafasi ya kuendelea, humpeleka kwa fundi wa motokaa akajifunze kazi. Hawakosei. Magari mengi tunayoyaona katika barabara zetu za Tanzania yaliletwa yakiwa yamekwisha tumika Japani, na pikipiki za abiria zimefika hata vijiji ambavyo zamani havikupata kusikia mlio wa injini ila siku ya mnada. Chombo kilichozeeka hakikosi kuharibika, na vumbi letu na makorongo yetu huharakisha jambo hilo. Kazi basi ipo.

Baada ya miaka mitatu au minne kijana huja nyumbani kusema kwamba sasa ataka kufungua gereji yake mwenyewe. Baba anauza ng'ombe, mama anatoa fedha yake ya kikoba, linanunuliwa sanduku la spana na jeki moja. Mwaka wa kwanza unapita, na wa pili pia. Ukipita pale chini ya mwembe utaona magari sita yamepangana na fundi yuko chini ya la saba, mikono yake myeusi tangu asubuhi. Lakini nyumbani kwake mtoto hana sare ya shule, na ng'ombe wa baba hajarudi.

Watu watasema amerogwa, au anakunywa. Pengine kweli anakunywa; lakini wako mafundi wasioonja hata mbege, na hali yao ni hiyo hiyo. Neno lenyewe ni jepesi kulitaja, ila ni gumu kulishika: fundi huyu hajui bei ya saa yake moja.

Gereji huuza vitu viwili. Cha kwanza ni spea, cha pili ni saa za fundi. Spea mwenye gari huiona kwa macho, ina boksi na bei, naye hulipa japo kwa kunung'unika. Saa ya fundi haionekani. Basi utamsikia mwenye gari akisema, "Umefungua boliti mbili tu, wataka shilingi elfu kumi?" Na fundi, kwa kuwa naye hajapata kuipigia hesabu saa yake, hana jibu. Anapunguza.

Hebu tuipige hesabu hiyo pamoja. Takwimu hizi ni za mfano tu, kila mtu ataweka za kwake. Kodi ya kiwanja kwa mwezi shilingi 50,000. Umeme 30,000. Fungu lake la mlinzi 30,000. Chakula cha wanafunzi wawili 120,000. Grisi, vitambaa, sabuni, na spana zinazovunjika, 40,000. Leseni na kodi ya Serikali, ukizigawa kwa miezi, 20,000. Simu na nauli za kufuata spea 40,000. Jumla ya gereji ni 330,000. Sasa nyumba yake: chakula, kuni, dawa, shule, tuseme 350,000. Tena aweke 100,000 ya kununua vyombo vipya na kumrudishia mzee ng'ombe wake. Jumla kuu ni 780,000.

Je, ana saa ngapi za kuuza? Siku 26 za kazi, saa 8 kila siku, ni saa 208. Ndivyo atakavyokujibu. Lakini kaa naye kutwa moja umwangalie. Saa moja ameifuata boliti mjini. Saa nyingine anamngoja mwenye gari alete fedha. Nusu saa anatafuta spana namba 14 ambayo mwanafunzi aliiacha juu ya injini ya jana. Saa nzima anazungumza na wapita njia juu ya mpira. Nyingine anarudia kazi ya juzi iliyoharibika. Akiuza nusu ya saa zake, yaani 104, amefanya vyema. Gawanya 780,000 kwa 104: kila saa ni shilingi 7,500.

Hapo ndipo mambo yanapofunguka. Klachi ya pikapu, kuteremsha giaboksi na kuirudisha, tuseme inamchukua saa 5. Fedha ya ufundi ni 37,500. Akipokea 20,000 kwa sababu mwenye gari ni jirani, ameiuza saa yake kwa 4,000, na shilingi 17,500 zilizobaki amezitoa mfukoni mwa watoto wake. Kumpa jirani si vibaya. Lakini mtu anapotoa zawadi yampasa ajue kwamba ametoa, na kiasi gani.

Wako wanaodhani dawa ni kupandisha bei. Mimi naona kwanza aongeze saa zinazolipwa. Fundi aliyepoteza saa 104 akiokoa hata 26 katika hizo, atauza saa 130. Na 780,000 kwa 130 ni 6,000 tu kwa saa. Aweza basi kuwa rahisi kuliko jirani yake na bado akala vizuri. Hilo lahitaji mambo madogo madogo: ubao wenye misumari ambapo kila spana ina mahali pake, kulikagua gari lote kabla ya kwenda dukani, ili aende mara moja wala si mara nne, na kutoanza kufungua kitu mpaka fedha ya spea iwe mkononi.

Juu ya ukaguzi nataka kukaa kidogo, maana huko ndiko fedha nyingi inakopotea. Gari limekuja linachemsha. Fundi mwenye haraka atasema rejeta, na mwenye gari atanunua rejeta. Kesho linachemsha tena. Inabadilishwa pampu ya maji. Linachemsha. Mwisho inaonekana gasketi ya silinda hedi imeungua, na pengine tangu siku ya kwanza dalili zilikuwapo: mapovu yalikuwa yakipanda katika maji, na mafuta ya injini yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwenye gari amelipa mara tatu, na hatarudi tena, wala hatanyamaza. Nusu saa ya kutazama feni, mkanda, themostati, mipira ya maji na dalili za gasketi ingaliokoa yote. Nusu hiyo ya saa ni kazi, nayo ilipwe, hata kama mwenye gari ataamua kwenda kutengeneza kwingine. Daktari hutoza fedha ya kupima kabla ya kutoa dawa, wala hatushangai.

Siku hizi kipo kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma makosa ya injini. Kwa magari ya miaka hii ni chombo chema, na vidogo vyake si ghali. Lakini kidude hakitaji spea ya kununua. Kinasema tu kwamba mahali fulani mambo hayaendi sawa. Huenda kikasema hewa imezidi katika mchanganyiko wa petroli, na chanzo kiwe mpira uliopasuka wa bei ndogo, wakati fundi amekwisha agiza sensa ya bei kubwa.

Sasa tuje kwenye mikopo, yaani lile neno "nitakupa mwisho wa mwezi". Huyu ni mjomba, yule ni shemeji, yule mwingine ni kaka wa rafiki aliyesimamia harusi. "Mdogo wangu, nitazamie kidogo tu, inalia." Kuwakataa ndugu ni vigumu, na katika vijiji vyetu haifai. Lakini fundi aweke mpaka mmoja asioubomoa kwa ajili ya mtu yeyote: fedha ya ufundi yaweza kungoja, fedha ya spea haingoji kamwe. Ufundi ni jasho lake, akilisamehe ni lake. Spea ni mali ya mwenye duka. Akiinunua kwa fedha yake amkopeshe mjomba, amekuwa benki isiyo na riba wala polisi. Akimwambia mjomba kwa upole, "Mjomba, ninunulie spea, mikono yangu tutaongea," mjomba mwenye haki hatakasirika.

Na fedha ya spea iwe na kopo lake. Mwenye gari akikupa 90,000 ukanunue shoka za mbele, fedha hiyo inapita tu mkononi mwako kama mpita njia. Mafundi wengi huila 20,000 ya mtu wa Jumatatu kwa chakula cha nyumbani, wakaijazia kwa fedha ya mtu wa Jumatano, na ya Jumatano kwa ya Ijumaa. Ndiyo maana yale magari sita yamesimama chini ya mwembe. Hayangoji fundi, yangoja spea ambazo fedha yake imekwisha liwa.

Kuhusu spea zenyewe: kama fundi anapata chake kwa mwenye duka, namshauri amwambie mwenye gari waziwazi, au aache mwenye gari akanunue mwenyewe. Jambo hili halikai sirini. Na spea ya bandia ya bei ndogo humrudia fundi, kwa kuwa ikifa baada ya wiki mbili atatakiwa kurudia kazi bure, yaani saa zile zile 5 mara ya pili. Spea kuukuu aifunge katika mfuko ampe mwenye gari. Hakuna tangazo la gereji linaloshinda mfuko huo.

Magari makubwa huvuta macho, lakini mkate wa kila siku uko kwenye pikipiki. Kijana wa bodaboda hawezi kulala siku mbili bila chombo chake, kwa hiyo hulipa. Leo mafuta ya injini, wiki ijayo cheni, kisha breki na sahani za klachi. Ni kazi za nusu saa, fedha taslimu. Injini ya lori ya kufumuliwa yote ina heshima yake, lakini hukalia uwanja mwezi mzima na aghalabu huishia katika deni. Gereji changa isiyo na akiba isipokee zaidi ya moja kwa wakati.

Kisha wapo wateja kama shule, zahanati, vyama vya ushirika, na parokia. Hawa huchelewa kulipa, ila hulipa, mradi wapate hati inayosomeka. Nikiwa karani nimepokea hati za mafundi wa kila namna. Mmoja aliandika juu ya kipande cha boksi la sigara, "kazi 80,000", bila tarehe wala namba ya gari. Mhasibu gani ataipitisha? Mwingine huandika tarehe, namba ya gari, kilomita, kazi iliyofanyika, spea na bei zake, kisha ufundi peke yake. Huyu wa pili hulipwa mapema, na gari likiharibika tena jina lake ndilo linalotajwa kwanza.

Mistari hiyo hiyo ndiyo ya kuandika katika daftari la gereji, kukiongezwa safu mbili: kilicholipwa na kilichobaki. Tena aweke alama nyekundu kwenye kila kazi iliyorudi. Kama fundi hapendi kuandika, mkewe aandike; wengi wao wana mwandiko mzuri kuliko waume zao na hawasahau deni. Daftari hilo lina faida hata mbele ya TRA. Kwa viwango vilivyopitishwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo aliyeuza kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, bila kumbukumbu, alitozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu kamili alitozwa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani aliyeuza milioni 5 alilipa 30,000. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo kila mwaka aulize ofisini. Ila kitabu chake asiache kukiandika.

Kijana aliyejifunza chini ya mwembe asijione pungufu. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Cheti hicho humfungulia mlango kwa wateja wenye magari mengi.

Wazazi wanaotaka kutoa mtaji waangalie pia unanunua nini. Kabla ya pampu ya upepo na mashine ya kuchomelea, ambazo mwanzoni anaweza kuzikodi, zinunuliwe stendi nne za chuma za kuegemeza gari. Fundi asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya mawe. Jeki huteleza na mawe hupasuka. Na pipa la kumwagia oili chafu liwepo, isije ikaingia kisimani.

Mzazi aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuomba kuliona daftari kila baada ya miezi mitatu. Asianze na safu ya mapato. Atazame safu ya kilichobaki. Kama jumla ya madeni imezidi fedha ya ufundi ya mwezi mmoja, kijana asimamishe kazi za mkopo kwanza, achukue baiskeli, akawatembelee wadeni wake mmoja mmoja, jioni, wakati wako nyumbani.