Mchicha, mawe ya figo na mlinzi wa tumboni

Ikiwa unaishi Lamu au Pate, walijua joto la kaskazi. Jasho hukutoka sana, mkojo huwa mchache na mzito, na hapo ndipo mawe ya figo hupata nafasi.

Mengi ya mawe hayo hufanyika pale oksaleti inaposhikana na madini ya kalsiamu ndani ya mkojo. Oksaleti imo katika mchicha, ufuta, lozi na chai. Je, tuuache mchicha wa nazi? La hasha!

Ndani ya utumbo mpana wa watu wengi huishi bakteria aitwaye Oxalobacter formigenes, aliyepewa jina hilo mwaka 1985. Chakula chake ni hiyo hiyo oksaleti. Huivunjavunja, na hivyo huweza kupunguza kiasi kinachoingia damuni na kufika kwenye figo.

Lakini mlinzi huyu huweza kuuawa na baadhi ya dawa za antibayotiki, na pengine asirudi kwa muda mrefu. Basi usizinunue dukani kwa kukisia, bila cheti cha daktari. Kumgeuza bakteria huyu kuwa dawa bado hakujaleta tiba ya kutegemewa.

Nyumbani, chemsha mchicha umwage maji yake, kisha ule pamoja na mtindi. Kalsiamu ya mtindi huinasa oksaleti tumboni, ikatoka na choo. Na maji, ndugu yangu, kunywa kwa wingi! Ukiona damu katika mkojo, wahi hospitali.

Tukutane Jumapili ijayo.