Jongo la mkononi halitibiwi kwa tembe za maumivu

Msomaji, ukipita Kamukunji au Kariobangi Light Industries, huenda ukamwona fundi ambaye viungo vya vidole vyake vimefura na kuota vinundu vigumu, hata nyundo haishikiki. Majirani husema ni baridi yabisi au ni uzee, na hakosi wa kunong'ona kwamba amerogwa. Lakini kinundu kikipasuka na kutoa uji mweupe kama chaki, basi hilo ni jongo, ugonjwa ambao madaktari huuita gauti. Uji huo si usaha. Ni chembechembe za asidi ya yuriki, ambayo figo zimeshindwa kuitoa kwa mkojo na sasa imerundikana kwenye viungo kwa miaka mingi.

Kosa letu wakazi wa Eastlands ni kukimbilia duka la dawa. Mwenye duka anayemuuzia mgonjwa yule yule diklofenaki kila wiki, asimwambie akapimwe damu, anamdhuru. Tembe hiyo hupunguza maumivu lakini haiyeyushi hata chembe moja. Tena ikimezwa muda mrefu huharibu figo, na figo ndizo zinazotegemewa kuitoa asidi.

Dawa ya kuishusha asidi ipo. Inaitwa alopurinoli, nayo imetumika duniani tangu miaka ya 1960. Daktari huanza na kiasi kidogo, miligramu 100 kwa siku au chini yake ikiwa figo ni dhaifu, kisha huongeza polepole akifuata vipimo vya damu. Kwa mwenye vinundu, asidi inafaa ishuke chini ya maikromoli 300 kwa lita, na ibaki huko.

Hapa ndipo wengi huanguka. Miezi ya kwanza chembe zinapoanza kuyeyuka, mkono unaweza kuwaka moto upya. Mgonjwa husema dawa imemzidishia, akaitupa. Usiitupe! Rudi kwa daktari akupe kolchisini ya kuzuia maumivu hayo. Ila ukiota vipele mwilini, acha dawa mara moja na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Vinundu huchukua miezi, pengine miaka, kuisha. Upasuaji hufaa pale kidonda kimeoza, mshipa wa fahamu umebanwa au kidole kimekwama. Ukikatwa bila asidi kushushwa, vitaota tena. Na kujipasua nyumbani kwa wembe ni kukaribisha kupoteza kidole.

Tena tuache kumcheka mgonjwa eti amekula nyama nyingi ya Burma. Ni kweli bia, maini na soda za sukari huongeza asidi, lakini wengi wamerithi udhaifu huo, na wengine wameupata kwa tembe za presha zile za kukojoza. Mtu anayeonja nyama Krismasi kwa Krismasi akiambiwa ana ugonjwa wa matajiri, ataficha mkono mfukoni hadi ulemae.

Ukienda Mama Lucy au kliniki yoyote iliyo karibu, beba dawa zote unazomeza, usiache hizo za presha kabla ya kuambiwa, na uombe kupimwa asidi ya yuriki pamoja na figo. Ukipimwa mkono ukiwa umewaka, asidi yaweza kuonekana ya kawaida. Rudi upimwe tena baada ya wiki 2 hadi 4 maumivu yakishatulia.