Mzuka Hapendi Gesti

Wiki iliyopita mtangazaji mmoja wa redio, akisimulia matembezi yake Unguja, alitamka kwamba hoteli ya kale isiyo na mzuka ni gesti tu yenye mlango wa nakshi. Mwenzake akacheka, wasikilizaji wakapiga simu, na nusu saa nzima ikaishia kwa bibi mweupe wa chumba cha juu. Foleni ya bandarini, inayotukausha juani kila sikukuu, haikupata hata dakika moja.

Kabla sijarushiwa mawe: sibishani kuhusu majini. Qur'ani imewataja, na mimi si wa kuwakana. Ninayemkataa ni jini mwajiriwa wa hoteli. Huyu ana macho ya bei. Hakai chumba kinachotazama jalala. Anataka samadari, roshani na upepo wa bahari. Gesti za Manzese zimelaza watu miaka nenda miaka rudi, wengine wamefia humo humo, lakini sijasikia mzuka aliyekubali kupanga kule. Mzuka hufuata pesa.

Watazameni Wamarekani, mabingwa wa biashara hii. Stanley Hotel ya Estes Park, Colorado, ilifunguliwa mwaka 1909. Mwaka 1974 mwandishi Stephen King alilala chumba namba 217, msimu ukiisha na hoteli karibu tupu, akaondoka na wazo la riwaya ya The Shining, iliyotoka 1977. Riwaya, jamani, kitu cha kubuni! Leo watu wanalipia ziara za usiku hotelini humo kuwinda mizuka. Filamu ya riwaya hiyo, ya 1980, ilionesha kwa nje hoteli nyingine, Timberline Lodge ya Oregon. Wenye hoteli wakahofu wageni watakikimbia chumba chao cha 217, wakaomba namba ya riwayani ibadilishwe. Filamu ikatumia 237, chumba ambacho Timberline hakipo. Na sasa hoteli hiyo hiyo inasema 217 ndicho kinachoombwa kuliko vyote. Hofu ina wateja.

"Mbona wageni wamempiga picha mzuka?" Picha hizo nimeoneshwa. Kitu cheupe, kirefu, kinaning'inia juu ya kitanda, kichwani kina fundo. Hicho ni chandarua! Pangaboi limekipuliza. Kama huyo ni mzuka, basi serikali imegawa mizuka nchi nzima, tena bure kwa wajawazito.

Na ukuta "unaolia" usiku? Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Chokaa huacha ukuta upumue. Akija fundi wa haraka akaupiga plasta ya saruji, unyevu unakwama ndani, chumvi inachomoza, rangi inabambuka. Niliwahi kulala hoteli moja ya huko. Kando ya mto wangu plasta ilikuwa imevimba. Ukiigusa, unga mweupe unamwagikia shuka. Asubuhi nikalalamika mapokezi. Kijana akasogea, akaninong'oneza: "Samahani mzee, pale alifia mjakazi wa mfalme." Niliomba fundi, nikapewa hadithi. Bei haikupungua hata shilingi.

Hapo ndipo ninapochemka. Hadithi ni rahisi kuliko ukarabati. Kuhusu Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, tumesimuliwa tangu utotoni kwamba chini ya nguzo zake wamezikwa watumwa. Tulisisimka, tukapiga picha, tukaondoka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka ikaua watu wawili. Hakuna mzuka aliyelisukuma. Lilichakaa miaka mingi, sote tukiliona.

Na hao watumwa wenyewe? Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Waliouzwa pale walikuwa wana wa watu, wenye majina na mama zao. Kuwageuza vitisho vya kumnogeshea mtalii chakula cha usiku ni kuwauza mara ya pili, na safari hii risiti inatolewa mapokezi.

Msomaji, ukiambiwa chumba kina mzuka, uliza paa lilikarabatiwa lini. Ukikosa jibu, dai punguzo. Chumba cha wawili hulipiwa na wawili. Mzuka naye atoe chake.