Kwenu ni Wapi?

Mkaazi wa Thika aulizwapo kwao ni wapi, jibu la "Thika" halitoshi. Anayeuliza hutaka kabila. Ilhali mji huo, sawa na Ruiru jirani yake, ulivuta vibarua wa mashamba ya kahawa, mkonge na mananasi kutoka Ukambani, Magharibi na Nyanza, na wajukuu wao wamezaliwa papo hapo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100 nchini, zilidhihirisha ubaya wa swali hilo. Kikundi cha wanafunzi kinachosimuliana ya mababu na kuyanyamazia ya Januari 2008 kimefanya nusu ya kazi. Nayasimuliwe, tena kwa Kiswahili (ingawa lafudhi itamfichua msimulizi): nani alimficha jirani, na nani aliyeuonyesha mlango wake.